Kifaru cha Type 59 na vumbi la Kagera: jibu kwa msomaji wa Mafinga

Swali: Msomaji wa Mafinga ameunganisha modeli ya Type 59, kifaru kilichoundwa China, kwa kipimo cha 1/35, na anataka ifanane na kifaru cha JWTZ kilichotoka Kyaka mpaka Kampala katika Vita vya Kagera. Anasema rangi ya kijani ilimeguka alipopitisha juu yake kahawia iliyochanganywa na tapentaini, vanishi aliyopuliza asubuhi iliacha ukungu mweupe, na baada ya kuongeza kutu na matope kila mahali modeli sasa inaonekana kama chuma chakavu. Anauliza amekosea wapi, na afanyeje wakati huku Nyanda za Juu Kusini hakuna duka la vifaa vya kazi hii.

Jibu: Ndugu msomaji, nimefurahi sana kwamba umechagua kifaru cha jeshi letu, kwa sababu wengi wanaoanza kazi hii huvutwa na vifaru vya Ulaya ambavyo hawajui vilipita wapi wala katika udongo gani. Katika matatizo yako matatu, mawili ya kwanza ni ya kemia na yana dawa ya haraka. La tatu linahitaji maelezo marefu, nami nitalipa nafasi kubwa kuliko mengine, kwa kuwa ndilo linaloamua kama mtu atakayeitazama modeli yako ataamini kile anachokiona.

Tuanze na kijani kilichomeguka. Kwa maelezo yako, ulipaka rangi ya mafuta ya kopo dogo, ile inayouzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi kwa ajili ya milango na madirisha, kisha ukapitisha juu yake kahawia iliyozimuliwa kwa tapentaini. Tapentaini ndiyo inayozimua rangi ya mafuta, kwa hiyo ilipogusa kijani ilikifungua upya. Rangi ya aina hiyo hukauka juu kwa saa chache, lakini ndani huendelea kukomaa kwa siku nyingi, na katika baridi ya Mafinga, ambako usiku wa Juni na Julai joto huweza kushuka chini ya nyuzi 10, siku hizo huongezeka. Kanuni ninayokusihi uishike ni kwamba kiyeyusho cha tabaka la juu kisiwe kile kinachoyeyusha tabaka la chini, na pale ambapo huna namna nyingine, weka katikati vanishi ya aina tofauti iwe kizuizi.

Njia rahisi kwako ni kupaka kijani cha akriliki, yaani rangi ya wasanii inayozimuliwa kwa maji, ambayo hupatikana katika baadhi ya maduka ya steshenari ya Iringa na Mbeya, au unaweza kumwagiza mtu anayetoka Dar es Salaam. Ikishakauka vizuri, tapentaini haiidhuru. Usiibadilishe kwa rangi ya maji ya ukutani, kwa sababu ile ina unga mwingi unaoziba ribiti na mistari midogo ya bodi, wala kwa rangi za maji za watoto wa shule, ambazo huamka tena kila zinapoguswa na unyevu. Chini ya akriliki weka praima, yaani rangi ya kwanza inayoshikilia nyingine, ya kijivu ya magari, ile ya kopo la kupuliza, lakini tabaka la kwanza liwe jepesi kama vumbi, kwa kuwa kiyeyusho chake ni kikali na ukikimwaga kwa wingi kitalainisha plastiki. Thina ya rangi za magari usiisogeze karibu na modeli hata kidogo, na petroli vilevile. Mafuta ya taa hayayeyushi plastiki kwa kasi hiyo, lakini huacha utando wa mafuta ambao hakuna rangi itakayoushika.

Kuna jambo moja ambalo watu wengi hawalijui mpaka siku gurudumu linapodondoka. Tapentaini ikiingia kwenye plastiki tupu isiyo na rangi, hasa mahali ambapo kipande kimekazwa au kimepinda kwa nguvu, plastiki hupasuka pole pole bila dalili. Vikono vya magurudumu vya kifaru, ambavyo hubeba mvuto wa minyororo, ndivyo vinavyoathirika kwanza. Hakikisha sehemu hizo zimepata praima na rangi pande zote, hata upande wa ndani ambao hauonekani.

Ukungu mweupe una sababu nyingine. Kiyeyusho kinapovukiza kutoka kwenye vanishi hupoza uso wa modeli kwa ghafla, na kama hewa ina unyevu mwingi, kama ilivyo asubuhi za ukungu huko Mufindi, maji hutua juu ya vanishi kabla haijashikana na kunaswa ndani yake. Vanishi isiyong'aa ina sababu ya pili: unga unaoifanya isiakisi mwanga hutulia chini ya kopo, na usipolitikisa kwa dakika mbili au tatu, unga huo hutoka kwa mafungu. Puliza mchana, kati ya saa sita na saa tisa, siku yenye jua. Kabla ya hapo, weka kopo ndani ya maji ya uvuguvugu kwa dakika chache, na usilipashe moto kwa njia nyingine yoyote. Umbali uwe kati ya sentimita 20 na 25, na mkono uanze kutembea kabla ya dawa kuifikia modeli na uendelee mpaka imeshaipita. Ukungu ulionao sasa mara nyingi huondoka ukipulizia vanishi ya kung'aa ya aina ileile katika siku kavu, kwa sababu tabaka jipya hulainisha la zamani na kuliruhusu kutoa maji yaliyonaswa, kisha baada ya siku moja unarudisha ile isiyong'aa.

Hapa nina neno la tahadhari ambalo nalisema kwa uzito wote. Wakati wa baridi watu wa Nyanda za Juu huingiza jiko la mkaa ndani na kufunga madirisha. Usifanye kazi ya kupuliza wala ya tapentaini katika chumba hicho. Mvuke wa viyeyusho hushika moto kwa umbali usioutarajia, na moshi wa mkaa katika chumba kilichofungwa huua peke yake hata bila rangi. Pulizia nje au barazani ukiwa umevaa barakoa, kisha ingiza modeli ndani ya boksi safi ikauke bila kuokota vumbi.

Sasa tuje kwenye modeli inayofanana na chuma chakavu. Umeniambia unataka kifaru kilichotoka Kyaka mpaka Kampala, na sentensi hiyo moja tayari inajibu sehemu kubwa ya swali. Majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera mwezi Oktoba 1978 na daraja la Kyaka likavunjwa. JWTZ ilivuka mto kwa daraja la muda, ikaichukua Mutukula mpakani Januari 1979, ikaingia Masaka mwishoni mwa Februari, ikapigana Lukaya tarehe 10 na 11 Machi, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili. Safari yote, tangu uvamizi, ni takriban miezi sita. Kifaru kile kina uzito wa tani 36 hivi, na bamba lake la mbele lina unene wa karibu milimita 100. Katika miezi sita ya kazi, chuma cha namna hiyo hakioti magamba ya kutu, na rangi yake haibanduki kwa vipande vikubwa. Kinachokipata ni vumbi, tope, masizi, mafuta, na mikwaruzo pale ambapo viatu na vifaa vya askari hupita kila siku. Modeli yako imevalishwa miaka 30 ya kutelekezwa, ilhali kifaru unachokikusudia kilikuwa kinatunzwa na watu wanne ambao maisha yao yalitegemea utunzaji huo.

Kwa hiyo, kabla hujashika brashi tena, chagua tarehe. Kifaru cha Februari, barabarani kuelekea Masaka, kinastahili vumbi jekundu la changarawe lililotua juu ya kila bapa na kujikusanya kwenye pembe. Kifaru cha Lukaya, ambako barabara hupita kando ya kinamasi, na mvua za Machi zikiwa zimekaribia au zimeanza, kinataka tope jeusi zito kwenye magurudumu na sehemu ya chini ya bodi, huku vumbi la zamani likibaki juu. Kifaru kinachoingia mitaa ya Kampala kina tope lililokauka na kupauka, ambalo limeanza kupukutika kwenye minyororo kwa sababu ya kukanyaga lami. Mimi ningechagua cha pili, kwa kuwa kinakupa udongo wa aina mbili katika modeli moja na mpaka ulio wazi kati yake.

Jambo la pili la kukumbuka ni kipimo. Katika 1/35, milimita moja ya modeli ni sentimita tatu na nusu za kitu halisi. Mkwaruzo wa milimita mbili, ambao kwako unaonekana mdogo sana, ni kovu la sentimita saba. Punje ya mchanga yenye nusu milimita ni kokoto ya karibu sentimita mbili. Mfundo wa tope wa milimita tatu ni donge linalozidi sentimita kumi, na madonge hayo hukaa kati ya magurudumu tu, hayapandi juu ya mnara wa mzinga. Weka rula mezani na ufanye hesabu hiyo kila unapotaka kuongeza kitu.

Kijani chenyewe kisiwe kimoja mwili mzima. Kitu kidogo kinachotazamwa ndani ya nyumba huonekana cheusi kuliko kilivyo, kwa hiyo ongeza mwanga katika kijani chako kwa kuchanganya njano ya udongo au rangi ya mchanga. Nyeupe peke yake hukifanya kijani kiwe cha baridi na chenye sura ya chaki. Mabapa yanayotazama juu, yaani madigadi, sehemu ya injini na juu ya mnara, yapate mchanganyiko uliopauka zaidi, kwa sababu ndiyo yaliyopigwa na jua kwenye maegesho miaka yote kabla ya vita. Pande za chini zibaki na kijani kilichokolea. Mpira wa magurudumu upake kijivu cha mkaa, kwani nyeusi tupu hufuta umbo lake lote. Stika za namba, zile zinazolowekwa majini kwanza, ziwekwe juu ya vanishi ya kung'aa, vinginevyo hewa itanaswa chini yake na pembeni patang'aa kama fedha.

Baada ya stika na tabaka jingine la vanishi ndipo tapentaini inaporuhusiwa kurudi. Minya rangi ya mafuta ya wasanii, kahawia iliyokolea, kiasi cha punje ya harage juu ya kipande cha katoni, na uiache nusu saa. Utaona duara la mafuta likitanuka kuizunguka. Katoni inafyonza mafuta ya kitani yaliyomo, na rangi inayobaki hukauka mapema bila kung'aa. Chota kidogo sana, zimua kwa tapentaini mpaka iwe kama chai ya rangi, kisha gusisha ncha ya brashi nyembamba kwenye mshono mmoja tu, kwa mfano pale kifuniko cha dereva kinapokutana na bodi. Usiburute brashi. Rangi itakimbia yenyewe ndani ya mfereji na kuuzunguka. Ukiona imemwagika pembeni, subiri kama dakika 20, kisha ifute kwa brashi safi iliyolowanishwa tapentaini na kukamuliwa kwenye kitambaa. Wewe uliosha kifaru kizima kwa kahawia, ndiyo maana kijani kikapoteza uhai wake. Rangi hii ni ya mishono, ribiti na pembe peke yake. Kwenye kuta za pembeni, weka vitone vichache vya kahawia na vya rangi ya vumbi, kisha vivute kutoka juu kwenda chini kwa brashi bapa karibu kavu, maana maji ya mvua huteremka na hayaendi kwa ulalo.

Mikwaruzo ifanye kwa kipande cha sponji la godoro kilichochanwa kwa vidole ili kiwe na uso usio sawa. Kichovye kwenye kahawia iliyokolea karibu na nyeusi, kidonoe kwenye karatasi mpaka kinakaribia kutotoa kitu, kisha gusa kingo tu. Fikiria askari anavyopanda: hushika mbele ya bodi, hukanyaga madigadi, hupita kando ya mnara na kuingia kwa mlango wa juu. Njia hiyo iwe na mikwaruzo, na pia iwe na vumbi pungufu, kwa sababu nyayo hulifuta. Sehemu ambayo mtu hafiki na mti haugusi iachwe nzima. Kutu halisi ibaki mahali panne: minyororo, ekzosi, nyaya za kukokotea na ndani ya mikwaruzo iliyofika kwenye chuma. Katika Type 59, ekzosi iko upande wa kushoto, juu ya madigadi, karibu na nyuma. Hapo weka kahawia yenye wekundu kidogo na masizi ya kijivu-nyeusi yanayofifia kuelekea nyuma. Kwenye mapipa ya mafuta na vifuniko vya tangi, kitone cha kahawia kilichochanganywa na vanishi ya kung'aa hutoa sura ya dizeli iliyomwagika wakati wa kujaza.

Minyororo inastahili uangalifu wa peke yake, kwa kuwa jicho huifikia mapema. Usiipake rangi ya chungwa. Chuma cha minyororo inayotembea kila siku huwa na kahawia iliyokufa, na sehemu zinazosuguana na ardhi hung'aa kama chuma kilichotoka kwenye msasa. Kama kuna buldoza linalotengeneza barabara au kuchimba shamba karibu nawe, lisimamie kwa dakika kumi na uangalie mnyororo wake: nje hung'aa kwenye kingo zinazochimba, na ndani ya mashimo tope hubaki. Lakini magurudumu ya Type 59 yana mpira, kwa hiyo njia ya ndani yanapopita isiwe na mng'ao mkali. Kinachong'aa kwa ndani ni zile pembe zinazoongoza mnyororo, ambazo husugua chuma cha magurudumu. Kwa mng'ao huo tumia penseli laini ya 4B au 6B, uisugue kwenye kingo baada ya rangi zote kukauka. Minyororo pia ni mizito na kifaru hiki hakina magurudumu madogo ya kuibeba juu, hivyo ni lazima ilale juu ya magurudumu makubwa badala ya kunyooka hewani. Malori ya mbao yanayopita Mafinga nayo ni shule nzuri ya vumbi na tope. Piga picha za magari na mitambo ya kiraia kadiri upendavyo, lakini usipige picha za kambi wala vyombo vya jeshi, kwani ni marufuku.

Udongo ndio utajiri tulionao ambao wenzetu wa ng'ambo huununua kwenye vichupa. Kwa vumbi la Kagera, udongo mwekundu unaouona kwenye kingo za barabara zilizochongwa kuanzia Iringa mpaka Makambako unafaa sana. Kwa tope la kinamasi cha Lukaya, chota udongo mweusi wa vinyungu, mabondeni mnapolima mboga wakati wa kiangazi. Udongo wa majivu ya volkano wa Tukuyu ni mzuri kwa kazi nyingine, lakini hapa ungekidanganya kifaru chako. Ukaange udongo mkavu kwenye sufuria isiyotumika tena, ili mbegu, ukungu na unyevu viishe, utwange, kisha uuchekeche kwa kitambaa cha soksi ya nailoni iliyokunjwa mara mbili. Kinachopita ndicho cha vumbi. Kinachobaki, kikichekechwa tena kwa chujio la chai, ndicho cha tope.

Vumbi lipakwe likiwa kavu, kwa brashi laini, katika pembe na mabapa, kisha gusisha tapentaini kwa ncha ya brashi nyingine ili ilishike. Litakolea na kuonekana limepotea. Usiongeze jingine mpaka likauke, kwa sababu likikauka hupauka na kurudi mara mbili ya ulivyodhani. Tope lichanganye na gundi nyeupe ya mbao, maji kidogo na rangi ya akriliki ya kahawia, uliweke kwa tabaka nyembamba, kwani tabaka nene husinyaa na kupasuka likikauka. Anza chini kabisa na upande ukipunguza. Sehemu chache, hasa nyuma ya magurudumu, zipakwe vanishi ya kung'aa ili zionekane bado mbichi, na zilizobaki ziachwe zimekauka. Usipulizie vanishi juu ya vumbi baada ya hapo, maana itazama na kazi yote itatoweka.

Kuhusu modeli uliyonayo, huna haja ya kuitupa. Ondoa minyororo na magurudumu kama hayajagandishwa kwa gundi. Palipomeguka, paache wiki nzima pakauke kabisa, kisha palainishe kwa msasa namba 1000 na maji, osha kwa sabuni, na upulizie praima nyepesi juu ya kila kitu. Kama rangi ni nene kiasi cha kuficha ribiti, mafuta ya breki huivua kutoka kwenye plastiki ya namna hii, lakini yajaribu kwanza usiku mzima kwenye fremu tupu iliyobaki ulipokata vipande, vaa glavu, na uyaweke mbali na watoto. Rudia kijani kwa akriliki wiki inayofuata, na kabla ya kuhamia kwenye bodi, fanyia gurudumu moja mpangilio wote kuanzia praima mpaka tope, kwa sababu rangi na udongo utakaotumia ni wa kwako, na vipimo vyake utavijua hapo.